Jua Lililosogea Pembeni

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za afya yako, acha niseme jambo moja, maana nikianza na salamu karatasi itaisha na mimi sijalisema. Sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Mjomba, nataka kuwa mpiga amri wa kikosi cha bendera shuleni.

Umecheka. Najua umecheka, kwa sababu wewe ndiye uliyenipa jina la Kasuku kwa kuwa siongei. Lakini ni kweli. Kila asubuhi nafika shuleni mapema, nakaa kwenye ngazi za maktaba na kitabu mkononi, ili watu wadhani nasoma. Sisomi. Namsubiri Afande, mlinzi wetu, atoke na bendera mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Wawili wa kikosi wanaifunga kwenye kamba, wa tatu anapiga amri, shule nzima inasimama wima. Yule wa tatu ndiye ninayemtamani. Neno moja tu analisema, na hata wale wa darasa la mwisho wanaotafuna chini ya dawati wananyamaza.

Mpiga amri wetu amehama. Mwalimu Mkuu ametangaza majaribio ya kumpata mwingine, na safari hii si kazi ya kila siku tu. Mwezi wa nne tutapokea wanafunzi wa shule rafiki kutoka nchi jirani. Bendera mbili zitapandishwa pamoja, na mlingoti wa pili umeshachimbiwa shimo. Mimi nafanya mazoezi bafuni huku nimefungulia maji. Sauti inayotoka ni kama ya birika linalokaribia kuchemka.

Wewe unashona bendera za dunia nzima. Niambie kila kitu: zinapandishwaje, maana zake nini, nini kisifanywe. Labda nikijua yote woga utakosa pa kukaa. Ningekupigia, lakini unajua kwenye simu ulimi wangu unalala.

Sasa salamu. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mama anakusalimu, anasema acha kukaa kwenye cherehani umejikunja kama kamba ya viatu. Sisi wazima.

Mpwa wako,
Kasuku

---

15 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba, na tena marahaba. Mgongo upo, haujaniacha. Mwambie dada yangu nimepata mto wa kuegemea, aache kelele.

Nilicheka, ndiyo, mpaka mwenzangu wa cherehani ya jirani akauliza kama nimepata mchumba. Lakini sikukucheka wewe. Ni furaha tu. Nani alijua kwamba ndani ya yule mtoto anayejificha nyuma ya kabati la vitabu kuna sajini?

Haya, kaa vizuri. Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu. Upande mmoja kuna majora ya kitambaa yamepangwa mpaka dari, katikati meza za kukatia, na dirishani sisi wa cherehani. Chini ya kila meza tumetandika shuka safi, kwa sababu bendera haigusi sakafu hata kabla haijawa bendera. Ukidondosha kipande, wenzio wanakuangalia kama umemdondosha mama mkwe.

Unauliza maana. Mpwa wangu, nyekundu kwa mmoja ni damu ya mashujaa, kwa mwingine ni ujasiri, kwa mwingine ni udongo, na mimi nimekata zote kwenye jora moja. Maana haimo kwenye kitambaa. Wenyewe wanakubaliana, halafu wanaitunza. Nyingi ni mstatili, ila ya Nepali ina pembe mbili kama milima miwili iliyopanga foleni, na ya Uswisi ni mraba. Ya Chadi na ya Rumania zinafanana mpaka tunaziweka rafu mbalimbali. Ya Paragwai ina nembo tofauti kila upande. Mwaka nilioanza kazi nilishona rundo zima la bendera zenye nembo ileile pande zote mbili, na hadi leo humu ndani jina langu ni Pande Mbili. Umeona? Si wewe peke yako mwenye jina la utani.

Adabu zake ni hizi. Kupanda, inapanda kwa haraka, kama mtu anayekimbilia habari njema. Kushuka, inashuka polepole. Ikitakiwa nusu mlingoti siku ya msiba, inafika juu kabisa kwanza, ndipo inateremshwa. Haibaki nje gizani, haitandikwi mezani kama kitambaa cha chai, haipepei ikiwa imechanika. Na zikiwa mbili za nchi mbili, zinakuwa na ukubwa mmoja na kimo kimoja. Mgeni hapewi kiti kifupi.

Sasa na mimi nikwambie langu. Tangu nifike hapa, hakuna aliyewahi kuagiza bendera ya kwetu. Nimeshona za nchi ambazo siwezi kutamka majina yake. Zinaingia kwenye maboksi na kuondoka, na sijawahi kusimama mahali nikaangalia juu nikajua, ile ni ya mkono wangu. Kwa hiyo nimemwomba mkuu wa karakana nitumie vipande vilivyobaki. Amekubali. Nitawashonea shule yenu bendera mpya kwa ajili ya wageni. Nipimie ya sasa: upande wa mlingoti, upande mrefu, na jua limekaa wapi. Nataka zilingane.

Na kwenye majaribio, usimwangalie mtu. Angalia juu ya mlingoti. Huko hakuna anayekucheka.

Mjomba wako,
Pande Mbili

---

26 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Natumai mto wa mgongo bado una pamba. Sisi hatujambo, ila mimi nimefedheheka kidogo, na nitakusimulia kwa sababu Mama amesema ukisikia kwa mtu mwingine utaongeza chumvi.

Tulikuwa watatu kwenye majaribio. Wa kwanza alikohoa. Wa pili ni msichana wa darasa letu tunayemwita Spika, kwa sababu hata akinong'ona maktaba nzima inapata habari. Akasema "Mguuu, SAWA!" na mlango wa ofisi ukafunguka wenyewe. Kisha zamu yangu. Nikaangalia juu ya mlingoti kama ulivyosema. Nikasema "Mguuu..." vizuri kabisa, Mjomba, sauti ikatoka! Nikashangaa kwamba imetoka. Na kwa kushangaa, "sawa" ikakataa kuja.

Sasa kikosi kimezoea kunyanyua mguu ukisema "mguu" na kuukanyagisha ukisema "sawa". Wakanyanyua. Wakasubiri. Wakaanza kuyumba kama korongo. Mmoja akauliza, "Dada, tuweke au tukae hivihivi mpaka likizo?" Mwalimu Mkuu alijifanya anafuta miwani lakini mabega yalikuwa yanaruka.

Spika amepata sauti. Mimi nimepewa kazi ya kukunja. Nasimama nyuma na Afande, tunaipokea bendera ikishuka jioni na kuikunja. Si mbaya. Mikono yangu haina aibu.

Vipimo nimechukua kwa utepe wa Mama wa kushonea, bendera ikiwa imetandazwa kwenye shuka safi, usinikaripie. Upande wa mlingoti ni sentimita tisini. Upande mrefu ni mia moja na nane. Jua liko kwenye mstari wa bluu, na kitovu chake ni sentimita sitini na saba na nusu kutoka kwenye kamba. Yaani halipo katikati, limesogea kuelekea mwisho unaopepea. Wewe umesahau, lakini Mwalimu wa Uraia ametufundisha vizuri sana: njano mbili ni mavuno, bluu kati yake ni mvua, na jua limesogea mbele kwa sababu taifa letu linaitazama kesho. Akifika hapo kwenye kesho huwa anainua mkono, na darasa zima tunainua naye. Ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Shuleni kwetu kila mtoto, hata wa darasa la kwanza, anachora jua pembeni.

Mwalimu Mkuu alifurahi mno aliposikia kuhusu bendera mpya. Aliniambia "asante" mara mbili, na mimi nikajibu mara moja, kwa sauti.

Mpwa wako,
Kasuku wa Kukunja

---

8 Machi

Kasuku,

Marahaba. Mimi mzima, ila mbavu zinauma kwa sababu yako. Niliwasomea wenzangu habari ya korongo, na kuna mzee wa idara ya kamba amesimama kwa mguu mmoja tangu saa ya chai kuona kama inawezekana.

Lakini hebu kaa chini, kuna jambo.

Vipimo vyako vilinitatiza. Nikasema mtoto amekosea utepe. Kisha nikasema labda mimi ndiye nimesahau, maana shuleni kwetu zamani jua lilikuwa katikati, ila miaka imepita. Nikamwendea mkuu wa karakana, akafungua kabrasha lenye vipimo vya bendera zote. Ya kwetu ipo. Upande mrefu ni mara moja na nusu ya upande wa mlingoti. Tisini yenu inadai mia moja thelathini na tano. Nyinyi mna mia moja na nane. Na jua, mpwa wangu, liko katikati. Chukua sitini na saba na nusu yako, izidishe mara mbili. Umeona?

Jua halijasogea popote. Bendera ndiyo imefupishwa.

Hata hapa wanatuletea bendera za namna hiyo. Ule mwisho usio na kamba ndio unaopigwa na upepo siku nzima. Unachanika, unatoa nyuzi. Mtu mwenye bendera moja na moyo mwema anachukua mkasi, anakata palipochakaa, anashona pindo jipya. Inapendeza tena. Msimu unaofuata upepo unarudi, na yeye anarudi na mkasi. Kwenu kuna mtu mwenye moyo mwema sana, na amekuwa nao kwa miaka mingi.

Usimkasirikie, na usimwanike. Mwulize taratibu. Bendera mpya naanza kesho, na nitaishona kama kabrasha linavyosema.

Mjomba wako

---

19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Uzima upo, usingizi ndio umepungua. Nimejua ni nani, na sasa natamani nisingejua.

Nilimfuata Afande jioni tulipomaliza kukunja. Yeye alikuwa askari zamani, ndiyo maana tunamwita hivyo, na buti zake mpaka leo unaweza kujitazama ndani yake. Nikazunguka sana kabla ya kusema.

"Afande, hivi bendera hii ilikuwa ndefu zaidi zamani?"

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Nani kakwambia?"

"Mjomba wangu."

"Mjomba wako ni mpelelezi?"

"Fundi cherehani."

"Afadhali angekuwa mpelelezi," akasema, akakaa kwenye kiti chake cha getini kama gunia lililofunguliwa.

Akanieleza yote. Kila msimu wa upepo mwisho wa bendera ulikuwa unakuwa ufagio. Aliomba mpya, akaambiwa subiri, ofisi ikabadilisha watu, akaomba tena. "Sasa nipandishe ufagio, watoto wasimamie mguu sawa mbele ya ufagio? Nikakata kidogo, nikashona. Kidogo tu, mwanangu. Mwaka mwingine kidogo tu. Sasa vidogo vyote vimekutana."

Halafu akafungua kabati lake la getini na kutoa kopo la biskuti. Mjomba, ndani yake kuna vile vipande vyote alivyokata, vimefuliwa na kukunjwa, njano kwa bluu kwa njano. Hakutupa hata uzi. "Bendera haitupwi jalalani," akasema. "Hilo najua. Lakini na kukata nako? Wakijua watasema mlinzi kapunguza nchi." Akaniomba nisiseme. Aliomba kwa utani, "Ukinyamaza nitakufundisha kupiga saluti," ila mikono yake ilikuwa inafunga kopo na kulifungua, inafunga na kufungua.

Sasa nimekwama. Nikinyamaza, bendera yako itakapofika na jua katikati, watasema wewe ndiye uliyekosea. Shule nzima haijawahi kuona jua mahali pake! Wataiweka kabatini na kupandisha ya zamani, kando ya ile ndefu ya wageni, na mgeni ataona mwenyeji amevaa suruali fupi. Nikisema, Afande ataumbuka, na Mwalimu wa Uraia pia, na ile kesho yake anayoiinulia mkono. Na hata kama ningejua la kusema, ni mimi wa kulisema? Mimi niliyewaacha watu wamenyanyua mguu?

Tafadhali jibu haraka.

Mpwa wako

---

30 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Naandika kwa haraka, kifurushi kinaondoka leo hii.

Nikiri: niliposoma barua yako nilitaka kukurahisishia. Nilichukua lile jua nikalibana kwa pini pembeni, pale mlipolizoea. Nikasema nani atajua? Mkono ukakataa. Nikalirudisha katikati, na pale pale nikasikia raha. Basi jua liko nyumbani kwake, na maneno yako kwako.

Wenzangu waliposikia kwamba hii ni ya kwetu, kazi ikawa sherehe. Kila mmoja alitaka kushona mshono. Mkuu wa karakana aliyeacha cherehani zamani alikalia kiti changu akashona pindo la mwisho kwa mistari minne ya uzi, kama tunavyoshona bendera za meli, ili upepo uchoke wenyewe. Yule jirani yangu alishona miale ya jua. Ukiona mwale mmoja umelegea kidogo upande wa juu, ni wake, msamehe, alikuwa anaimba.

Kuhusu sauti. Unasema huna. Mimi nakumbuka siku nilipokuwa juu ya paa lenu napigilia mabati, nikiwa naanza kushuka, na ngazi ikaanza kuteleza. Wewe ulikuwa mdogo, umekaa uani na kitabu. Ulipiga kelele, "MJOMBA, NGAZI!" Majirani walitoka. Mimi nilirukia paa nikaning'inia kama nguo, na niko hai ninakuandikia. Siku hiyo hukujiuliza kama una sauti. Kulikuwa na mtu anaanguka, basi.

Na sasa kuna mzee yuko kwenye ngazi.

Ikipanda, niangalizie. Nataka kujua kila kitu, hata ikijikunja.

Mjomba wako,
Pande Mbili

---

16 Aprili

Mjomba wangu, Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo! U mzima? Mgongo mzima? Mama mzima, mimi mzima, Afande mzima, Mwalimu Mkuu mzima, kila mtu ni mzima, sasa sikiliza.

Kifurushi kilifika siku moja kabla ya wageni. Tuliitwa ofisini kikosi kizima, na Mwalimu wa Uraia naye akaja kwa sababu hawezi kukosa. Mwalimu Mkuu alitandika shuka safi mezani (nilimwambia mimi) akaifungua. Mjomba, rangi zile!  Ya kwetu imepauka kwa jua mpaka njano imekuwa kama chai ya maziwa, na sisi tulidhani ndiyo njano.

Kisha Mwalimu wa Uraia akainama, akarekebisha miwani, akasema kwa huzuni, "Masikini. Fundi amekosea jua."

"Kweli," akasema Spika. "Limerudi nyuma."

Mwalimu Mkuu akashusha pumzi. "Basi kesho tutatumia ya zamani. Tumshukuru mjomba kwa nia yake." Akaanza kukunja.

Afande alikuwa mlangoni. Nilimwangalia, naye akaangalia buti zake. Hapo nikasema. Sikupanga. Nilisema kwa sauti ambayo sikuijua, na katika chumba kidogo kama kile ilikuwa kubwa mno, mpaka Spika aliziba sikio.

"Fundi hajakosea! Upepo umekula bendera yetu!"

Wote wakageuka. Nikahisi "sawa" inataka kukwama tena, kwa hiyo sikusubiri. Nikachukua bendera ya zamani nikaitandaza juu ya ile mpya, kamba kwa kamba. Jua likalala juu ya jua. Halikupishana hata kidogo. Na upande wa pili, ile mpya ikabaki imechungulia, bila cha kuifunika.

"Kila mwaka upepo ulikuwa unachana mwisho wake," nikasema. "Na kila mwaka mtu mmoja aliikata palipochanika na kuishona, ili sisi tusisimame mbele ya ufagio. Aliomba mpya, hakupata. Kama asingefanya hivyo, Mwalimu, leo tungekuwa na kamba tupu."

 Kisha nikasikia buti. Afande alitoka, nikadhani amekimbia. Akarudi na kopo la biskuti.  Akatoa vipande vyake akavipanga kimoja kimoja mwisho wa bendera ya zamani, njano, bluu, njano, mpaka ikafika pale ile mpya ilipoishia. Akarudi nyuma hatua moja akasimama mguu sawa, kama anayesubiri adhabu.

Mwalimu wa Uraia aliangalia muda mrefu. Nilimwogopa yeye kuliko wote. Akavua miwani. Akasema, "Yaani miaka yote hii nafundisha mkasi?"

Akacheka, Mjomba. Alicheka mpaka akakaa. "Na kitabuni lipo katikati! Kila mwaka naliona lipo katikati, na kila mwaka nawaambia watoto mchoraji wa kitabu alikuwa mvivu!" Spika akaanza, Mwalimu Mkuu akafuata, na mwisho Afande naye, kwa sauti ya chinichini kama pikipiki inayowaka kwa shida. Mwalimu Mkuu akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Umetutunza, mzee wangu. Na ombi lako la bendera nitalitafuta hata chini ya zulia."

Nilimwomba Mwalimu wa Uraia msamaha kwa ajili ya ile kesho yake. Akaniuliza, "Jua likiwa katikati huwezi kuitazama kesho? Unaitazama kutoka katikati, mtoto, na unaona pande zote." Kisha akainua mkono uleule. Nadhani alitunga papo hapo, lakini nitaliandika kwenye mtihani.

Sasa siku yenyewe. Mwalimu Mkuu aliamua kwamba bendera ya zamani isiondoke kimyakimya. Ipandishwe asubuhi, na wageni wakiwepo ishushwe mara ya mwisho kwa heshima, ndipo zipande mbili pamoja. Spika apige amri ya kupandisha. Ya kushusha, akasema, apige aliyeitetea.

Wageni walipanga mstari upande wao, sisi upande wetu. Nikasimama mbele. Nikaangalia juu ya mlingoti. Nikasema, "Mguuu..."

Miguu ikanyanyuka. Na mimi nikasimama! Mjomba, nilikuona uko juu ya ngazi. Nilisikia Spika akininong'oneza kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona, "Maliza, mwenzetu, tunaanguka!" Wageni wakacheka, wetu wakacheka, na mimi katikati ya kicheko nikafungua mdomo.

"SAWA!"

Njiwa waliruka kutoka paa la maktaba. Shule mbili zikakanyaga chini kwa pamoja. Bendera ikashuka polepole, na Afande akapiga saluti iliyonyooka kama rula, kisha akaipokea mikononi.

Kisha Spika akapiga yake, na yako ikapanda. Uliniambia nikuangalizie. Ilipanda haraka, kando ya ile ya wageni, ukubwa mmoja, kimo kimoja. Mwanzoni ilining'inia tu, imejikunja kama mtu aliyeamshwa. Ilipopita paa la madarasa upepo ukaishika, kwanza pembe ya chini, halafu ikafunguka yote kwa mara moja na kutoa mlio, pa! Njano yake ilifanya kuta za shule zionekane zinahitaji rangi. Ilikuwa inajikunja na kujikunjua, na kila ikijikunjua jua lilikuwa palepale, katikati, halihami. Mwale mmoja wa juu umelegea. Nilimwonyesha msichana mgeni aliyesimama karibu nami, nikamwambia, "Aliyeshona pale alikuwa anaimba." Akaniuliza nimejuaje, na tukaongea mpaka chakula cha mchana. Mimi! Nimeongea na mtu nisiyemjua mpaka chakula cha mchana! Ameniomba anwani yangu.

Pindo la mwisho halikuchanika hata uzi. Mwambie mkuu wa karakana upepo ulijaribu.

Jioni, wageni walipoondoka, tuliishusha mimi na Afande. Tuliikunja pamoja, nikaibeba mpaka ofisini, nikaiweka kabatini. Ya zamani tuliiweka kwenye kopo pamoja na vipande vyake, na kesho Afande ataiteketeza kwa heshima nyuma ya maktaba, na kikosi kizima tutasimama naye. Nikaenda nyumbani kwa miguu. Mama alikuwa anaanua nguo. Nikamsaidia upande wa pili wa shuka, na tulipokuwa tunalikunja nikamweleza yote, kuanzia bafuni na maji. Kisha nikaingia ndani, nikakaa mezani, nikakuandikia.

Mpwa wako,
Kasuku